Mcheke Mnunuzi

Sina asili ya ucheshi. Nina asili ya hasira, nimeichukua kwa mama, naye haoni aibu kukiri. Nina duka la pembejeo pale Bagara, na kwa miaka mingi mteja aliyerudi na pakiti tupu kudai kwamba mbegu hazikuota alijua tutagombana kwanza, mengine baadaye. Mara nyingi haki ilikuwa yangu. Wateja wakahamia duka la jirani, mimi nikabaki na haki yangu.

Mcheshi kwetu alikuwa baba, lakini si nyumbani. Nyumbani alizungumza kama mtu anayelipia maneno. Ni mkulima wa Singe, aliteremka kutoka milima ya Mbulu akiwa kijana, na katika usharika wetu ndiye aliyekuwa akiendesha mnada wa mavuno. Ibada ikiisha, vyote vilivyoletwa madhabahuni hutolewa nje: mahindi, maharage, maboga, mayai, kuku waliofungwa miguu. Mnadi anapanda juu ya benchi na kuvinadi. Anayenunua mara nyingi hukirudisha kitu kiuzwe tena, kwa hiyo boga moja mikononi mwa baba liliweza kununuliwa na nusu ya usharika. Watu walivumilia jua kwa sababu yake. Mimi nilikuwa nikimtazama na kujiuliza, huyu mtu siku nyingine huwa anakaa wapi.

Kisha akapata kiharusi. Mguu ulirudi, akawa anatembea na fimbo mpaka shambani. Ulimi haukurudi vizuri. Maneno yote yalikuwamo kichwani, ila yakifika mdomoni yanakwama, mengine yanatoka yamechelewa. Akaacha kwenda kanisani. Mama alimfokea, mchungaji alikuja nyumbani, mimi nilibembeleza. Siku moja akanijibu, polepole: "Wata... nicheka." Iliniuma sana. Mtu aliyewachekesha wenzake maisha yake yote alikuwa anaogopa kicheko chao, na nilimwona akizeeka kwenye kiti cha uani, hana wa kuzungumza naye ila mama.

Wazee wa kanisa wakanipa mimi mnada. Walisema ni mtoto wa mnadi, tena nina sauti. Hilo la sauti walilisema wakiangalia pembeni. Nikakusanya vichekesho vya kwenye simu, nikavikariri. Siku yenyewe vilidondoka kimoja baada ya kingine, bila mtu kucheka. Kwa kukata tamaa nikamwinua kuku mdogo aliyeletwa na mama mmoja mjane wa Maisaka, nikauliza kama huyu ni wa kunadiwa au wa kuombewa. Watu walicheka, halafu kicheko kikakatika. Yule mama alikuwa anaangalia viatu vyake.

Nilimsimulia baba kwa hasira, nikiulaumu usharika mzima. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akainua kidole.

"Mleta... usimcheke." Akapumzika. "Mcheke... mnunuzi."

Nikamuuliza kwa nini mnunuzi. Akafanya kama mtu anayepapasa mfuko huku ametunisha kifua, nikaelewa. Aliyeleta ametoa alichonacho na hana pa kujificha. Anayenunua amejitokeza mwenyewe mbele za watu, na ukimtania umemhesabu miongoni mwa watu. Funzo la pili lilichukua jioni nzima kutoka: kabla ya kumcheka yeyote, jicheke mwenyewe. La tatu hakulisema kabisa. Kila nilipojaribu kichekesho mbele yake nikaharakisha mwisho, aligonga fimbo chini na kuinua kiganja. Nisubiri.

Nikawa nikifunga duka napitia kwao, nanadi sufuria ya mama, ndoo, hata mbwa. Baba anagonga fimbo. Mama alisema tumechanganyikiwa wote wawili, akaingia ndani akaendelea kulisema hilo akiwa huko.

Nilianza kuyatumia mafunzo ya baba dukani kabla ya kanisani. Mteja mmoja aliingia na pakiti yake tupu, uso umeshajiandaa kwa ugomvi. Nikamwambia kwamba mimi mwenyewe msimu uliopita nilipanda mbegu za duka hili hili, nikazipalilia, nikaziimbia na pambio, na kilichoota vizuri ni magugu. Nikanyamaza. Akaguna, akacheka, kisha akakiri bila kuulizwa kwamba alipanda kabla mvua hazijakolea. Tukakaa tukaangalia cha kufanya. Si wote waliocheka. Mwingine aliniambia hakuja kuchekeshwa, nikamwomba radhi, na hilo nalo nilikuwa silijui zamani.

Mavuno yaliyofuata baba alisema atatoa jogoo. Asubuhi ya ibada nilikwenda kumchukua mama, nikamkuta baba amevaa koti na jogoo yuko kwapani. Sikuuliza, na mama, ajabu, naye hakuuliza. Kanisani alikaa benchi la nyuma karibu na mlango. Tulipotoka nje watu walimwamkia shikamoo kwa sauti ya msibani, wakapita haraka. Zamani asingefika langoni bila kuchokozwa. Sasa hakuna aliyemcheka, walimsikitikia tu, na nilimwona usoni kwamba hilo ni baya zaidi. Nilijua akiondoka hivi, harudi tena.

Zamu ya jogoo wake ikafika. Bei ikapanda kidogo, ikasimama. Nikauliza nani zaidi. Kule nyuma ikainuka fimbo.

Watu wakageuka kumwangalia. Kwetu mtoto hamtanii baba yake, utani ni wa babu na mjukuu. Ningeweza kusema asante mzee, nikampa jogoo wake, na wote wangeshukuru yameisha. Lakini alikuwa mnunuzi.

"Mzee," nikasema, "jogoo huyu umemleta mwenyewe asubuhi. Hata mchana haujafika, umeshamkumbuka?"

Hakuna aliyecheka. Baba akafungua mdomo, neno halikuja. Mwanakwaya mmoja akainamisha kichwa. Mzee wa kanisa akanipa ishara niendelee na mnada. Nilitamani kumsaidia, majibu ya kumpa nilikuwa nayo tayari mdomoni. Nikainua kiganja kidogo, kama alivyokuwa akinifanyia yeye, nikasubiri.

"Huniamsha," akasema. "Mama yako... naye... huniamsha." Akavuta pumzi. "Lakini jogoo... akishawika..."

Akakaa hapo. Alikaa muda ambao mimi nisingethubutu.

"Hunyamaza."

Wa kwanza kucheka alikuwa mama. Alicheka mpaka akamshika bega mwenzake ili asianguke, na uwanja wote ukamfuata. Jogoo alinunuliwa, akarudishwa, akanunuliwa tena, hata yule mama wa Maisaka alimnunua, na kila aliyemchukua alimuuliza baba kama mkewe ameruhusu. Mimi nililia pale juu ya benchi, nikasingizia jua. Kufika langoni kulituchukua muda, maana kila hatua kulikuwa na mtu wa kumchokoza, naye kila mmoja alimjibu kwa mwendo wake, na walimngoja.

Jioni tulikaa uani. Kuna jambo lilikuwa linanisumbua, nikamuuliza: ule ukimya wa mwisho, aliufanya makusudi au neno lilikwama?

Akafikiri, fimbo iko magotini.

"Lilikwama," akasema. "Halafu nikaona... limekwama... pazuri."