Kilo Mbili za Mpima Unga

Mpima unga wa duka la ushirika ameacha vitumbua tangu daktari amtishe kwa presha. Kila asubuhi huja kwa miguu kutoka Msimbazi, akavua viatu na kupanda mizani ya magunia akiwa amebana pumzi. Mwezi wa tatu huu mshale umegoma kwenye tisini.

“Shemeji, kula tu vitumbua vyako,” alimtania Bi Sitara, balozi wa nyumba kumi, akichukua unga wa watu wake. “Mizani hiyo hata gunia letu hulinenepesha.”

Usiku ule mpima nusura akate tamaa. Asubuhi, kabla ya kufungua duka, aliinama akabandua chuma alichokigandisha mwenyewe chini ya mizani, akapanda. Themanini na nane! Akakigandisha tena, akafungua mlango akitabasamu: “Wa kwanza!”