Ndege Wageni wa Mwezi wa Kumi

Niliripoti kazini Kitale Jumatatu moja ya Septemba, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikiwa nimevaa viatu vya visigino kwa sababu barua ya ajira ilisema "karani msaidizi". Ofisa wa Kituo aliviangalia vile viatu, kisha akaniuliza ninaishi wapi. Nikamwambia nimepanga chumba nyuma ya soko.

"Basi si mbali. Rudi ukavae raba," akasema. "Hapa makarani wanafanya kazi nje."

Niliporudi alinipa darubini, daftari na penseli. Kalamu ya wino haikuruhusiwa, kwa kuwa mvua ya alasiri ya Kitale ingefuta kazi ya siku nzima. Kazi yenyewe ilikuwa kuwaangalia ndege wahamao. Baridi inapoanza katika nchi za kaskazini, ndege wa huko huondoka kwa maelfu kutafuta chakula kusini, na wengi hupita upande wetu. Sisi tuliandika ni aina gani wamepita, wangapi, saa ngapi, wanaelekea wapi, na hali ya hewa ilikuwaje. Walitangulia mbayuwayu, wakifuatwa na keremkerem, wale wenye rangi nyingi wanaokula nyuki. Mwezi wa kumi walikuja korongo weupe, ndege wakubwa wenye midomo na miguu myekundu, ambao walikuwa wakitembea nyuma ya matrekta wakiokota panzi.

Kituo chetu cha uangalizi kilikuwa kilimani, Mlima Elgon ukiwa mbele yetu. Mtu akiona kundi la korongo mara ya kwanza hudhani haliwezi kuhesabika. Ofisa alinifundisha kungoja. Asubuhi ardhi ikishapata joto, hewa hupanda, na korongo huipanda hiyo hewa wakizunguka bila kupiga mbawa. Wakati huo Mungu peke yake ndiye anayejua idadi yao, alisema. Lakini wakifika juu hujipanga mstari na kuteleza kuelekea kusini, na hapo ndipo unapohesabu. Unahesabu kumi, unaangalia hao kumi wamechukua nafasi gani angani, halafu unakwenda kumi kumi. Ilinichukua msimu mzima kuweza.

Sasa nieleze jambo ambalo sijawahi kulisema mbele ya wajukuu. Mwaka wangu wa tatu, binti yangu aliugua malaria nikalala naye hospitalini siku tatu. Sikuomba ruhusa, maana niliogopa kuonekana kwamba mwanamke hawezi kazi ya nje. Niliporudi nilijaza zile kurasa tatu kwa kukisia. Niliangalia siku zilizotangulia nikaandika tarakimu zinazofanana nazo.

Ofisa alilisoma daftari, kisha akaniuliza, "Nekesa, Jumanne alasiri uliona keremkerem wengi?"

"Ndiyo, Bwana. Wengi kiasi."

"Mimi nilikuwa kule kilimani Jumanne. Mvua kubwa ilinyesha tangu saa saba mpaka jioni. Hata kunguru hakupita."

Nikaeleza habari za mtoto. Aliniuliza anaendeleaje, nikasema amepata nafuu. Kisha akanipa kalamu ya wino mwekundu, akaniambia nizipige mstari zile kurasa tatu na niandike juu ya kila moja: Sikwenda. "Ukurasa mtupu hauna madhara," akasema. "Ule wa uongo utamdanganya mtu ambaye bado hajazaliwa." Hakunifukuza wala hakulitaja tena. Kwa muda mrefu nilitamani angenifokea.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilihamishwa Bungoma. Nilipewa meza katika ofisi ya wilaya na baiskeli, nikawa nazunguka Mabanga, Kanduyi mpaka Myanga. Mkuu wangu mpya, Msimamizi wa Wilaya, alikuwa mtu wa ofisini, mpole, mwenye kupenda ripoti fupi. Hakuwahi kuishika darubini.

Oktoba moja korongo walitua Myanga katika mashamba yaliyokwisha kuvunwa mahindi. Panzi walikuwa wamezidi mwaka huo, na wakulima walikuwa wamepewa dawa ya kunyunyiza maharagwe ya msimu wa pili. Nilifika asubuhi nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona. Korongo walikuwa wamesimama wakitetemeka. Mmoja alijaribu kuruka akaanguka kifudifudi. Wengine walikuwa wameshakufa, panzi wangali midomoni.

Nilichoogopa zaidi kilikuwa barabarani. Watu walikuwa wakirudi nyumbani na korongo mabegani, miguu imefungwa kwa kamba za mkonge kama kuku wa sokoni.

Niliiacha baiskeli nikaanza kuingia boma kwa boma. Wengi walinielewa, wakawatoa. Mzee Wanyonyi, ambaye shamba lake lilikuwa katikati ya lile eneo, alikataa. Mkewe alikuwa ameshabandika sufuria.

"Mayi, wewe unakula mshahara," akaniambia, akiniita mama kwa lugha ya kwetu. "Mimi nyama imeanguka kwangu bila kuitafuta. Ati niitupe?"

"Mzee, hawa wamekula panzi wenye dawa. Dawa imo ndani ya nyama."

"Si dawa ni ya panzi, bana. Mimi ni panzi?"

Nilimwuliza mbwa wake yuko wapi. Akaita mara mbili, hakuja. Tulimkuta nyuma ya ghala, povu mdomoni, amelala kando ya matumbo ya korongo yaliyotupwa wakati wa kuchinja. Mzee aliingia jikoni, akaibeba sufuria ikiwa bado moto, akaimwaga ndani ya shimo. Alasiri hiyo alishika jembe pamoja nami, tukazika korongo mpaka mikono ikatoka malengelenge. Nyumba moja ilikuwa imeshakula kabla sijafika. Watu wake wawili walilazwa, na nashukuru wote walitoka wazima.

Niliandika ripoti. Msimamizi aliniita, akafunga mlango.

"Hii dawa ilitoka katika ghala la serikali," akasema. "Andika kwamba ndege walikufa kwa uchovu wa safari. Ni jambo linalowezekana."

"Linawezekana, Bwana. Lakini siyo nililoliona."

"Unajua orodha ya kupandishwa vyeo iko mezani kwangu."

Nilijua. Nilikuwa na karo ya kulipa. Nilifikiria zile kurasa zenye wino mwekundu. Nikamwambia ripoti itabaki ilivyo, na kama anataka nyingine, aiandike na kuitia sahihi mwenyewe. Hakuiandika. Yangu ilikwenda, na msimu uliofuata dawa ile haikugawiwa tena Myanga. Jina langu kwenye orodha halikuonekana mwaka huo, wala mwaka mwingine wowote. Nilistaafu mwishoni mwa miaka ya tisini nikiwa na cheo kilekile.

Vijana huniuliza kama najuta. Cheo nilikitaka, nisiwadanganye. Lakini ukifanya kazi ya kuhesabu, huna mali nyingine ila kuaminiwa.

Siku hizi naishi Kanduyi. Darubini niliirudisha, nikatia sahihi. Oktoba iliyopita nilikuwa naanika nguo uani nikahisi kivuli kimepita usoni. Walikuwa korongo, chini kiasi cha kuiona miguu yao. Sikuwa na penseli, na macho yangu hayagawi tena kumi kumi. Niliwaangalia tu. Baada ya mstari kwisha alitokea mmoja peke yake, nyuma sana, akipiga mbawa kwa nguvu. Nilimngoja mpaka akavuka mapaa ya nyumba za jirani, kisha nikarudi kwenye nguo zangu.