Palahala wa Arobaini ya Babu

Wiki jana nilishusha saruji Ramisi kwa lori langu. La tatu hilo, na mimi darasa la nne sikulimaliza. Kijana anayeendesha watalii kule Diani akanivalisha darubini machoni. "Mzee, kwa hii huna haja ya kusogea." Nikacheka, nikamrudishia. Nilimkumbuka palahala, swala mkubwa wa pembe ndefu, yule wa arobaini ya babu.

Miaka ya hamsini hiyo, kabla ya Uhuru. Nyumbani hatukuwa na hata kuku, na bibi alikwisha kualika watu kutoka Msambweni hadi Matuga waje kumsomea marehemu hitima. Msimamizi wa shamba la miwa akaturuhusu tuwinde mnyama mmoja. Mmoja tu.

Mjomba wangu ndiye aliyekuwa mwindaji. Bunduki yake kuukuu, kitako kimefungwa waya. Kila akiwinda alirusha majivu kuujua upepo, akatambaa nusu ya asubuhi mpaka hatua thelathini, akapiga bega ili mnyama aanguke yu hai. Hapo ndipo nilipoingia mimi na kisu. Nakwambia, mbio zangu hakuna mtoto aliyeziweza! Mnyama akitangulia kufa kabla ya kisu, huyo kibudu, kwetu haliwi.

Siku ya kutafuta nyama ya arobaini, msimamizi akaja na bunduki mpya, darubini juu yake, akamwambia mjomba: "Leo pumzika, mzee. Mimi nampiga kutoka hapa."

Hapa ni juu ya kilima. Palahala alikuwa ng'ambo ya bonde, naona pembe tu.

Mlio. Akaanguka. Nikateremka, miiba ikinichana, nikavuka kijito, nikapanda mpaka mate yakawa na ladha ya damu. Nilipofika nilimgusa mboni ya jicho. Halikupepesa. Nikaweka kiganja puani. Pumzi hakuna. Upepo tu ulikuwa ukichezesha manyoya ya shingo.

Mjomba na msimamizi wakafika wakihema. "Mbona huchinji?" msimamizi akafoka. "Nimemwona kwa darubini, shingo inatikisika!"

"Ni upepo, bwana."

"Darubini hii inaona kukushinda wewe!"

Mjomba hakumtazama. Alichuchumaa mbele yangu, macho kwa macho. "Wewe ndiye uliyefika. Hai au kibudu?"

Nikaziona sufuria ambazo bibi ameazima kwa majirani. Neno moja tu, na watu wote wangekula nyama.

"Kibudu, mjomba."

Akakichukua kisu, akakirudisha alani. "Twendeni."

Arobaini ikaliwa kwa mbaazi za nazi na muhogo. Bibi alipita na sinia, kichwa juu. "Kuleni, wageni wangu. Nyama ilikuwapo. Mjukuu wangu kasema hailiki, basi hailiki."

Tangu hapo nimechinja ng'ombe wazima na kulisha pilau mtaa mzima, niulize mimi. Lakini kifua hakijanijaa kama siku ile ya mbaazi. Mjomba hayupo, bibi hayupo, kuwinda ni marufuku, na bonde lote sasa ni miwa. Wala sijaona tena mtu mzima akichuchumaa kumwuliza mtoto neno zito namna ile, kisha akalishika jibu lake.