Mama Anajiweza

Mwaka ule baraza la mji lilikubali kuwasamehe ada ya soko walemavu wasiojiweza, mradi daktari wa Kilifi athibitishe. Mama yangu aliuza viungo vya pilau sokoni Malindi. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza upande mzima wa kushoto, na karani wa soko alikwisha kutuambia kwamba asipolipa wala asipoleta cheti cha daktari, meza yake atapewa mwingine. Meza ile ndiyo iliyomtoa nyumbani. Bila hiyo angelala akitazama dari, na nilijua haingechukua muda kabla hatujamzika.

Siku ya kwenda nilimsihi avae kanga zake za kila siku. Akakataa katakata. Nikamsuka, nikamfukiza udi, nikamvisha buibui jipya. "Siendi kwa watu kama niliyetupwa," akasema. Kwetu mtu huenda amejisitiri hata akienda kuomba. Nilikuwa nimeamka mapema kumwogesha, sikuwa na nguvu za kubishana.

Daktari alikuwa kijana wa bara, mpole. Akampima mkono na mguu, kisha akaanza kuuliza.

"Mama, habari ya afya?"

"Njema, alhamdulillahi."

"Unatembea mwenyewe?"

"Natembea, kwa uwezo wake Mola."

"Kuvaa, kuoga, kwenda choo?"

"Sina neno, mwanangu. Twashukuru."

Kijana wa watu akaandika alivyosikia. Nani angemfundisha kwamba huku kwetu mtu akiulizwa hali hushukuru kwanza, na kwamba mama yangu angeweza kuwa anakata roho na bado akasema hajambo? Nilipofungua mdomo, mama alinifinya paja kwa ule mkono wake mzima. Nikaufunga.

"Furahi, dada," daktari akaniambia. "Mama yako anajiweza." Cheti hatukupewa.

Kumpandisha basi la kurudi nilimkumbatia kiunoni na kumwinua, jasho likinichuruzika. Hasira zilinijaa.

"Mama, mbona umemficha daktari hali yako?"

"Wataka nimwambie mwanamume wa watu kuwa waniingiza chooni kama mtoto?"

Nikamkalisha kitini. Nilikuwa nimechoka na kumwogesha, nimechoka na basi, nimechoka na heshima yake iliyokuwa nzito kuliko mwili wake.

Wiki iliyofuata nilirudi Kilifi peke yangu, nikamweleza daktari kila kitu: nani anamfunga nguo, nani anamsafisha, nani anamshika asianguke chooni.

"Mbona yeye hakusema?"

"Hakusema kwa sababu ulimuuliza."

Akafungua tena faili la mama. Udhaifu wa mkono na mguu alikwisha kuuona mwenyewe, kilichopungua ni maneno. Akaandika cheti.

Meza ikabaki ya mama. Nilipomletea habari aliniuliza jambo moja tu. "Ulimwambia yote?" Nikasema ndiyo. Akageuza uso. Sikumwomba radhi, na leo pia singemwomba.

Lakini tangu siku hiyo hakunipa tena mkono wake kwenda chooni. Alijikokota mwenyewe akishika ukuta, nami nikasimama nje ya mlango, nikisikiliza kila kishindo, tayari kuingia.

"Wafanya nini hapo?" huniuliza akitoka, anahema, uso umelowa jasho.

"Sifanyi kitu, mama."

"Basi nipishe nipite."