Njiwa na Gundi

Nimeuza viatu vya mitumba sokoni Mchikichini tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Kiatu kilichoachama soli sikukitupa. Nilikipaka supaglu, nikakibana kati ya magoti, na mteja akaondoka nacho kama kipya. Vidole vyangu ndivyo vilivyoumia. Vilivimba, vikapasuka, vikachunika kama kitunguu. Mke wangu aliposema, "Mzee, hiyo gundi haikupendi," nilimjibu kuwa tatizo ni sabuni yake ya kufulia. Jibu la kijinga, maana sikuwahi kufua hata soksi.

Mwaka jana nilikwenda kufanyiwa upasuaji wa ngiri, naye akanisindikiza. Muuguzi, binti wa umri wa wajukuu wangu, alinipa shikamoo, kisha akauliza, "Babu, una mzio wowote?"

Neno hilo mimi nililipata kwa bibi yangu. Mzio, alitufundisha, ni kile ambacho ukoo hauli.

"Njiwa," nikasema bila kusita. "Kwetu hatuli njiwa."

Akacheka. "Usijali babu, hapa hatupiki njiwa." Lakini aliandika.

Mke wangu akasogea mbele. "Na vile vidole vyako?"

"Mama, nimeulizwa mimi."

Akarudi nyuma. Nilikuwa na tabia ya kumkata kauli mbele za watu, na yeye alinisitiri kwa kutojibu.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari alinieleza kuwa ndani ameshona kwa uzi, na juu ameufunga mshono kwa gundi maalumu ya ngozi, ambayo itabanduka yenyewe. Nyumbani Mchafukoge, majirani walipokuja kunipa pole, nikawatangazia: "Nimebandika soli za watu maisha yangu yote, sasa na mimi nimebandikwa!"

Mama wa Kihindi wa ghorofa ya chini alicheka mpaka akashika ukuta. "Basi mvua ikinyesha usitoke, mzee. Utaachama!"

Baada ya siku kadhaa mshono ukaanza kuwasha. Nikajipa moyo, kwa kuwa kidonda kikiwasha watu husema kinapona. Ukazidi. Vikatoka vipele, vikawa malengelenge, yakapasuka na kutoa maji. Sikumwonyesha mke wangu. Nilifunga msuli juu zaidi na kutembea kwa kujikaza, mpaka asubuhi moja akauona msuli umelowa.

"Fungua," akasema. Hakupaza sauti. Nikafungua.

Tulirudi hospitali siku hiyohiyo. Daktari wa zamu, kijana ambaye hakuwepo mara ya kwanza, aliinama akatazama kwa muda, akasema huenda mshono umeingia usaha. Ikiwa ndivyo, itabidi ufunguliwe usafishwe.  Nilikuwa nimeshukuru kukatwa mara moja katika umri huu na kuamka salama. Mara ya pili sikuwa na hakika ningeamka.

Mke wangu akanitazama, akasubiri. Nilitazama sakafu. Ndipo akamwambia daktari, "Mwanangu, mzee huyu, gundi ya viatu humchuna vidole. Miaka yote. Na hapa naona vipele vimefuata pale pale ilipopakwa gundi."

Daktari akainama tena. Akaniuliza kama nina homa. Sina. Akabonyeza kando ya mshono. Hapakuuma, paliwasha tu. Akashika mkono wangu, akavigeuza vidole kimoja kimoja.

"Gundi gani, mzee?"

"Supaglu."

Akashusha pumzi. "Hiyo na hii yetu ni ndugu. Ngozi yako inaijua tangu zamani, na haiitaki." Hakuna kukata, akasema. Waliilainisha gundi kwa mafuta mazito, wakaibandua taratibu, kisha akaniandikia krimu na vidonge vya kupunguza mwasho. Chini ya ule uchafu wote, mshono ulikuwa umeshikana vizuri. Akanionya nisipakwe tena gundi ya aina hiyo, na nimwambie kila daktari, hata wa meno.

"Mama amekusaidia sana," akaongeza.

Nilijua. Kwenye benchi la dirisha la dawa nilimwambia mke wangu asante, na nikamwomba radhi kwa kumnyamazisha siku ile, na siku nyingine zote nilizozikumbuka. Nyingine hakika nimezisahau. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanitengenezea ukosi wa shati.

"Haya, dawa zetu wanaita. Kaa, nitachukua mimi."

Nikakaa.