Mitungi Iliyosuguliwa

Kila asubuhi, kabla ya kumsalimia mtu, Ayikoru aliinama akatega sikio kwenye mdomo wa mtungi. Kwete, pombe ya mahindi, ikiwa nzima huongea, kama watoto wanaonong'ona darasani. Akishaisikia ndipo huanza siku.

Jiko lake lilikuwa la watawa. Zamani, pale nje ya Arua, palikuwa na monasteri, na mama yake, Mindra, aliwapikia watawa chakula na pombe ya kwete ya sikukuu. Vita vya mwaka sabini na tisa vilipofika, watawa wakaondoka, watu wakakimbilia Kongo. Mindra alifukia mitungi kwenye shamba la viazi, akabeba watoto. Aliporudi baada ya miaka kadhaa, kanisa halina paa, vyumba vimeota majani, jiko tu limesimama. Akafukua mitungi. Ndani, ukoko wa kwete ulikuwa umeganda, mweusi. Akatia kimea cha mahindi na maji, pombe ikaumuka. Tangu hapo mitungi ile haikuoshwa kamwe. Ukoko ndio ulioamsha kila pombe mpya. Watu wa Onduparaka, timu yao ya mpira ishinde ishindwe, walikuja kunywa pale.

Mwaka huu mwanawe Ayikoru, Jude, alimuoa Jenifer, binti kutoka Lurujo. Kwao hawapiki pombe. Siku Ayikoru alipokwenda sokoni, Jenifer alitaka kumfurahisha mkwewe. Akasugua mitungi yote kwa mchanga na sabuni, akaisuuza kwa maji moto, akaianika juani.

"Mama, karibu! Ona, iko safi. Ilikuwa inanuka, we!"

Ayikoru alitua mzigo. Akaingiza mkono mtungini, akapapasa. Laini kama sahani.

"Asante, mwanangu," akasema, akakaa chini palepale.

Alipika. Pombe ikalala tu, ikanuka uji uliochacha. Akamwaga, akapika tena, akamwaga. Mwisho aliomba machicha ya kuamshia pombe kwa mwanamke anayepika pombe karibu na Arua Hill. Hiyo iliumuka, lakini Adrabo, mteja wa siku zote, alionja akarudisha kibuyu.

"Mama Jude, hii iko pombe ya nani?"

"Yangu."

"Aa-aa. Hii iko ya mjini. Mimi nakuja kunywa ya watawa, wewe unanipa ya stendi?"

Wenzake wakacheka. Jumapili iliyofuata mabenchi yalikuwa matupu.

Majirani ndio waliomwambia Jenifer alichokifanya. Alikuja akapiga magoti, analia.

"Mama, nichape tu."

"Nikuchape kwa kufanya usafi?"

Ayikoru akamwinua kwa mkono. Maneno mabaya yalikuwa yamemjaa kinywani, na kila akimwona msichana yule yalisogea karibu na meno. Hakutaka yatoke. Hakujua atayazuia mpaka lini, na pombe ilikuwa imekwisha kufa.

Kesho yake alifunga kitenge, akampita Jenifer aliyekuwa akifagia.

"Mama, unakwenda wapi na jua hili?"

"Hapo tu."

Akashika barabara ya Koboko, maneno yale akiyabeba bila kuyatamka. Jude alimtafuta kwa bodaboda mpaka giza likaingia. Ayikoru hakurudi tena.