Siku Mama Alipoingiza Mbabula Ndani

Mimi ni mwoga wa upepo, nasema wazi, na anayetaka kucheka acheke. Tulipofika Marekani tuliwekwa Louisville, upande wa South End, na king'ora cha kimbunga kilipolia nilikuwa wa kwanza kushuka chini ya nyumba, mtoto mgongoni, viatu mkononi. Mama alibaki juu akisonga ugali. Alisema kule kambini Tanzania upepo ulibeba turubai letu zima na asubuhi tukapika kama kawaida, sasa nyumba ya matofali inanitisha nini?

Nikapata kazi ya kutunza wazee Buffalo, tukahama. Kumbe huko upepo unakuja na theluji.

Asubuhi hiyo theluji ilikuwa inapita dirishani kwa ubavu, haidondoki chini kama theluji ya watu. Nyumba ya ng'ambo ya barabara haikuonekana. Kisha umeme ukakatika. Friji ikanyamaza, na hita nayo ikazima, maana feni yake inategemea umeme huohuo. Binti yangu, ambaye alikuwa hajaanza hata shule, akaniuliza kwa Kiingereza kama tutakufa. Nikamwambia aache upuuzi. Mimi mwenyewe nilikuwa nikijiuliza hilohilo.

Jiko letu lilikuwa la umeme. La jirani wa chini lilikuwa la gesi, unawasha kwa kiberiti. Jirani huyo ni Mfilipino, tunafanya kazi pamoja, basi nikamwacha mtoto na bibi yake, nikashuka na sufuria nipike uji. Nilimkuta keshajaza maji ndoo na masufuria yote, kapika nyama yote ya kwenye friji kabla haijaharibika, kavuta godoro chumba kimoja. Aliniambia kwao vimbunga vinakuja kila mwaka, na kazi hizo mtoto anazijua kabla ya kusoma. Nilikoroga uji nikimsikiliza, na hofu ikaanza kunitoka kidogo.

Ndipo akanusa hewa, akauliza nani anachoma nyama siku kama hii. Nikacheka. Nikamweleza huyo ni Mama na mbabula yake, jiko la makaa ambalo kaka yangu alimletea kutoka Hilliard, kule Columbus, ambako kuna mtu wetu anayeyaunda kwa vyuma chakavu. Wakati wa joto Mama huchomea mahindi nyuma ya nyumba.

"Yuko nje au ndani?"

Sikujua. Aliangusha kijiko, akanipita mbio kwenye ngazi.

Sisi mbabula tunaiwasha nje. Unapepea, unasubiri makaa yaive, yawe mekundu na moshi uishe kabisa, halafu ndiyo unaingiza. Kwetu kinachoua ni moshi, na makaa yaliyoiva hayana moshi. Mama alitulea hivyo sote. Msimu wa mvua aliiweka katikati ya kibanda chetu cha turubai kule kambini, tukalala tumeizunguka, na asubuhi tukaamka. Hata Buffalo alifuata kila hatua. Aliiwashia kwenye ngazi za nyuma, akasubiri ikaiva, akaiingiza chumbani kwa mjukuu wake. Ila madirisha yetu yalikuwa yamezibwa kwa plastiki tangu baridi ianze, na chini ya mlango alisokomeza kitenge ili joto lisitoke.

Kitenge kiliukaba mlango, tukausukuma kwa mabega. Ndani mlikuwa na joto, joto zuri, la kwanza siku ile, na joto hilo linanitisha mpaka leo. Mama alikuwa ameegemea ukuta, mtoto mapajani, wote wamelala. Niliita. Hakuna aliyetikisika.

Jirani alichana plastiki. Dirisha lilikuwa limeganda, akachukua mchi wa kinu akavunja kioo. Akaishika mbabula kwa mikono ya sweta lake, akaitupa nje kwenye theluji. Mimi nilimbeba mtoto hadi chini, tukarudi kumchukua Mama, tukamburuta kwa makwapa, visigino vikigonga kila ngazi. Tukawalaza mlangoni, mlango wazi, theluji ikiwaangukia usoni. Watu wa ambulensi walisema kwenye simu kwamba barabara zimefungwa, watafika wakiweza, tusiwatoe kwenye hewa safi.

Mtoto alitapika, kisha akalia, na mimi nikamshukuru Mungu kwa yale matapishi. Mama alikuwa kimya. Nilimsugua mikono, nikampiga makofi ya mashavuni, mimi, mama yangu mzazi. Nilimwita Mama, halafu nikamwita kwa jina lake, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani. Jirani alimshika kifundo cha mkono asikiachie, akirudia kwamba moyo unapiga.

"Kwetu kimbunga hakikuua mtu," aliniambia, macho kwa Mama. "Baba aliingiza jenereta jikoni isinyeshewe. Mimi nililala kwa shangazi, nikabaki peke yangu."

Niliendelea kusugua.

Mama alifumbua macho. Akautazama mlango ulio wazi, akanitazama mimi.

"Funga mlango," akasema, ulimi mzito kama wa mlevi. "Mtoto atashikwa na baridi."

Nilicheka na kulia kwa pamoja, na mlango sikuufunga. Ambulensi ilifika baadaye, wakawekewa oksijeni, wakapona wote wawili. Dada yangu alipiga simu kutoka Louisville akinifokea kwa nini nilihama, utadhani kwao hakuna upepo.

Mama alikaa na jambo hilo muda mrefu. Siku moja tukimenya viazi akaniuliza makaa yasiyo na moshi yanauaje. Nikamweleza nilivyoelezwa hospitali, kwamba yanatoa hewa isiyoonekana wala kunuka, na chumba kikizibwa inabaki humo.

"Na kule kambini?"

"Kule turubai lilikuwa na matundu, Mama."

Matundu hayo aliyalaani kila mvua, akayashona kwa sindano ya magunia, na kila mara yakatokea mengine. Aliweka kisu chini. Akaanza kututaja watoto wake kwa sauti ya chini, mmoja mmoja, kuanzia mkubwa, akikunja kidole kwa kila jina, hadi kwa kitinda mimba wetu.

Siku hizi upepo ukianza ni yeye anayekwenda kufungua dirisha kidogo, hata kama umeme upo na hakuna kaa lolote ndani. Chumba kinakuwa baridi kweli. Silifungi. Najifunika blanketi, nalala sakafuni karibu yao, nasikiliza pumzi za mtoto kwanza, halafu za Mama.